Mwalimu Aliyetoka Kwenye Grupu

Mtaani kwetu Kahororo ukisema Mwalimu, bila kuongeza jina, hakuna anayekuuliza yupi. Walimu ni wengi, shule ziko kila upande, na nyumba yoyote utakayobisha hodi haikosi mtu aliyewahi kushika chaki. Lakini Mwalimu alikuwa mmoja: mwanamke mrefu, mjane, aliyefundisha Kiswahili hadi siku ya kustaafu, kisha akaendelea kukifundisha kwa watu ambao hawakumwomba.

Tulipakana uzio. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, na yeye alikuwa akipita kila asubuhi kwenda kununua maziwa. Hakupita bila kusoma kibao changu. Nilikuwa nimeandika "Tunashona nguo za aina zote na malekebisho". Alinivumilia kwa muda, halafu siku moja akaja na kopo la rangi na brashi, akaifuta ile L akaandika R, akapanda juu ya kigoda mwenyewe na gauni lake la kanisani.

"Mama Shamimu," akasema akiwa huko juu, "mteja akiona umekosea herufi, atajiuliza kama hukosei vipimo."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kucheka na kila mtu. Watu wa mtaani walimwita nshomile pembeni, neno letu la kumtania Mhaya anayejivunia shule, naye alijua. Siku moja alimsikia dereva wa bodaboda akilitamka, akageuka akamwambia, "Ndiyo, nimesoma. Na wewe nilikufundisha, sasa aibu ni ya nani?" Yule kijana alimbeba bure hadi sokoni.

Alipenda senene, wale panzi wa kuliwa, kuliko nyama. Msimu wao ukifika alikaa kibarazani akiwanyonyoa mabawa huku akisikiliza redio, na mimi, ambaye nyumbani kwetu tulizikuta tabia hizi kwa bibi, nilivuka uzio nikamsaidia. Yeye Mkatoliki wa Buganguzi, mimi Muislamu wa mjini ambaye babu yake alikuja huku na biashara ya kahawa akazama mapenzini kwa Mhaya. Ramadhani aliniletea uji jioni. Krismasi nilimshonea. Hatukuwahi kuuita urafiki. Tulikuwa tunakopeshana chumvi.

Ajabu ya kisa hiki ni kwamba yeye ndiye aliyetuingiza wote kwenye magrupu ya simu.

Simu janja zilipoanza kuwa za kawaida, wazee wengi wa mtaa waliziogopa. Mwalimu alinunuliwa ya kwake na mwanawe wa pekee, Projestus, tuliyemwita Proje. Aliisoma kama kitabu cha kiada. Alipoijua, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Bibi mmoja asiyeweza kusoma vizuri, Mwalimu alimfundisha kutuma sauti. Mimi alinionyesha namna ya kupiga picha nguo iliyoisha kushonwa na kuiweka pale wateja waione. Tangu siku hiyo sijawahi kukaa bila kazi. Akaanzisha grupu la mtaa kwenye ile programu ambayo kila mtu anayo, akawa msimamizi wake. Maji yakikatwa, tulijua kwake. Msiba, kwake. Mtoto amepotea, ng'ombe ameingia shamba la mtu, mkutano wa mtaa umeahirishwa: kwake.

Na alisahihisha. Ukiandika "cjui", alijibu: "Sijui. Herufi hazilipiwi." Ukiandika "xaxa hivi", alijibu: "Sasa hivi." Vijana waliandika vibaya makusudi ili wamchokoze, na nadhani alijua, na nadhani alifurahi. Hakuna ujumbe ulioingia mle asioufungua. Alisema msimamizi asiyesoma ni sawa na mwalimu anayesahihisha madaftari akiwa amefumba macho.

Hiyo ndiyo tabia iliyomuumiza.

Proje alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Kila safari alikwenda kisiwani Goziba, akakaa kwenye kambi za wavuvi siku kadhaa, akanunua, akarudi na mzigo. Mkewe na binti yao mdogo, Koku, walikuwa Dar es Salaam, ambako mkewe aliajiriwa. Kila mwaka Proje alipanga kuhamia huko, na kila mwaka dagaa walimrudisha ziwani. Mwalimu hakuipenda biashara hiyo. Alimwona kama mtu aliyepewa akili za darasani akazimwaga majini. Lakini Proje alipokuja na mfuko wa sangara wa kubanikwa, Mwalimu alikuwa wa kwanza kuufungua.

Asubuhi moja nilikuwa napiga pindo, simu ikalia kwenye grupu la mtaa. Jirani yetu mmoja, mama mwema ambaye hata leo akipita namsalimia, alikuwa ametuma video. Chini yake ameandika: "Jamani poleni. Mtumbwi umezama ukitoka Goziba. Kama kuna anayemtambua kijana huyu, awaarifu ndugu zake." Aliipokea kwingine, akaipitisha. Alitaka kusaidia.

Nilifungua. Ufukwe, miguu ya watu wengi, sauti za watu wakiongea wote kwa pamoja. Katikati, mtu amelazwa kwenye mchanga. Uso sikuutazama. Nilitazama shati, kwa sababu fundi hutazama shati. Kitenge cha rangi ya chungwa chenye ndege weusi. Mwalimu alikinunua kitambaa kile mwenyewe, nikamshonea Proje shati la Krismasi, na mfuko niliuweka kwa shida ili ndege asikatwe kichwa.

Nilitoka mbio bila viatu. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi mezani na miwani yake, mgongo umenyooka, simu iko mezani mbele yake. Video ilikuwa inacheza. Ikiisha, aliigusa ikaanza tena.

"Mama Shamimu," akasema bila kugeuka, "hii si kazi ya mikono yako?"

Nilinyoosha mkono niichukue simu.

"Iache. Nataka kuona kama wanamfunika."

Nikasimama nyuma yake. Video ikaisha, akaigusa, ikaanza. Tuliitazama mpaka nikaelewa: inaishia kabla. Wanamzunguka, wanaongea, aliyeshika simu anasogea karibu, anasogea zaidi, halafu basi. Hakuna aliyemfunika.

"Kuna watu wengi pale," akasema. "Mmoja angevua shati."

Hakulia mpaka watu wa kanisani walipofika na mmoja wao akamshika bega. Walimzika Proje Buganguzi, kwenye kibanja cha familia, kati ya migomba, pembeni ya baba yake. Nilikwenda. Nilimfunika mwenyewe kwa shuka nililokuwa nimelikata dukani, na Mwalimu aliniangalia nikifanya hivyo kama mtu anayehakiki mahesabu.

Video haikuzikwa. Watu wa mtaani waliifuta wote, waliapa, na yule mama aliyeituma alikuja kwa magoti. Mwalimu alimwinua, akamwambia, "Wewe uliuliza swali. Nami nilikuwa na jibu." Lakini ilikuwa imeshatoka kwetu, imeingia kwenye ule ukurasa mkubwa wa kampuni ileile yenye programu yetu, ambako watu wasiojuana hutazama mambo. Huko waliweka jina lake. Waliandika "Projestus, mtoto wa mwalimu mstaafu Bukoba." Chini yake watu waliweka pole, wengine waliweka sura zinazocheka, sijui kwa nini, pengine kidole kiliteleza. Mmoja aliuliza alikuwa amebeba mzigo wa nani.

Mwalimu aliwaandikia wenye kampuni. Alifuata kila hatua waliyoagiza, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza chake kilichonyooka. Jibu lilikuja upesi sana. Alinionyesha. Lilisema: "Asante kwa taarifa yako. Tumeikagua video hii na hatukuona kosa ndani yake."

Aliweka kidole kwenye neno. "Tumeikagua. Tu ni nafsi ya kwanza, wingi. Maana yake wapo watu. Haya, ni akina nani?"

Akaandika tena. Jibu likaja lilelile, hata nukta haikubadilika. Akaandika tena. Nilimwambia labda si watu, ni mashine.

"Mashine haisemi 'tume'," akasema. "Mtu ndiye aliyeifundisha kusema hivyo. Huyo ndiye ninayemtaka."

Nilimsikia siku moja akimweleza Padri kibarazani kwake, na maneno hayo sijayasahau. Alisema, "Baba, kila mwenye nguvu juu yangu katika nchi hii ana mlango. Benki wana mlango. Serikali ina mlango. Naweza kwenda kukaa kwenye benchi lao nikakataa kuondoka mpaka mtu mzima atoke aniambie hapana usoni. Hawa wana nguvu juu ya maiti ya mwanangu, na mlango hawana. Siwezi kuishi ndani ya nyumba isiyo na mlango."

Padri alisema atamwombea. Mwalimu akasema asante.

Alitoka kama alivyofanya mambo yake yote, kwa utaratibu. Alimkabidhi mtu mwingine usimamizi wa grupu. Akaandika ujumbe wa mwisho, na mimi niliuhifadhi: "Ndugu zangu wa mtaa, ninaondoka humu. Sijagombana na mtu yeyote. Anayenihitaji anajua nyumba yangu. Mlango wake hauna neno la siri." Halafu akafunga kila kitu chenye mkono wa kampuni ile, kimoja baada ya kingine. Watu walimjibu kwa wingi, mikono iliyokunjwa, mioyo, machozi, "tutakukumbuka Mwalimu". Hakuyaona. Alikuwa ameshatoka.

Simu janja aliiweka kabatini akanunua kitochi, simu ndogo ya vitufe.

Watu walipomuuliza sababu, kila mmoja alipata ya kwake. Mwenyekiti wa mtaa aliambiwa bando limekuwa ghali. Katekista aliambiwa ni macho. Kijana wa duka la simu aliambiwa kwamba betri ilikuwa inavimba. Mwanzoni nilidhani anaficha, mwalimu wetu asiyevumilia hata herufi ya uongo. Baadaye nikaona alikuwa anawapa kila mmoja sababu anayoweza kuibeba.

Mtaani kulikuwa na maelezo mengine. Kwamba ameokoka kwa siri. Kwamba ni kiburi cha nshomile. Wengine walimwiga. Yule dereva wa bodaboda alitoka kwa sababu mkewe alikuwa akisoma simu yake kila jioni. Hakumaliza wiki, akarudi, akasema abiria hawampati. Binti mmoja wa chuo alitoka kwa sababu alijiona mbaya kila akitazama wenzake. Alirudi ulipofika wakati wa kutafuta kazi. Kutoka kulikuwa rahisi. Kukaa nje ndiko kulikowashinda.

Na Mwalimu alijaribu kutuvuta, hilo nalo lazima niliseme. Alikuwa amesikia kuna programu nyingine, ya watu wengine, inayofanya kazi ileile. Akaitoa simu janja kabatini, akaiweka hiyo peke yake, akaanzisha grupu jipya la mtaa, akapita nyumba kwa nyumba kama zamani. Kila mtu alimwambia, "Sawa Mwalimu, nitaiweka." Niliiweka mimi. Tulikaa humo wawili, yeye na mimi, mwezi mzima na zaidi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi niliamka nikakuta: "Tangazo kwa wakazi wote. Daraja dogo halipitiki." Wakazi wote nilikuwa mimi. Nilijibu, "Tumekusikia Mwalimu." Siku moja hakutuma tena, na simu ikarudi kabatini.

Siku hiyohiyo aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Na wewe utatoka lini?"

"Mwalimu, wateja wangu wote wako humo. Wewe ndiye uliyewaweka."

"Najua." Akakunja kanga yake magotini. "Hawakutufungia sisi. Wamewafungia watu wetu, halafu sisi wenyewe tunakwenda kukaa nao."

Hakuniuliza tena, wala hakuninunia.

Kwa hiyo mtaa ukaendelea, bila yeye. Hakuna aliyekusudia kumtenga. Ni kwamba taarifa zilikuwa na njia moja, na yeye hakuwa njiani. Alikuja kujua msiba wa nyumba ya tatu kwa kuona maturubai. Michango ya harusi haikumfikia, na wenye harusi walidhani amekataa. Nilijitahidi kumpelekea habari, lakini nami nina tumbo la kulisha. Kuna siku nilikumbuka tayari jambo limepita.

Alhamisi moja nilikuwa nimepeleka nguo ya mteja, nikamkuta ameketi kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa, rozari mkononi, mkoba magotini. Jumuiya yao ya kanisani ilikuwa imehamisha sala kwenda nyumba nyingine. Walitangaza asubuhi, kule kwenye grupu.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?" nikamuuliza.

"Nimesali," akasema. "Kuku wao wanajua kuitikia."

Tulicheka. Nilimshika mkono tukarudi taratibu. Kwenye kona ya nyumba zetu akasema, si kwangu hasa, "Nilidhani nikitoka, wao ndio watakaonikosa."

Kuna jambo lililomuuma kuliko hayo, nalo ni Koku. Mkwewe alikuwa mwanamke mwenye kazi nyingi na huzuni yake mwenyewe. Kupiga simu hakukumjia. Alichoweza ni kupiga picha: Koku amevaa sare, Koku anaumwa, Koku anacheza. Alituma kwenye programu, kwa watu wote, kwa mara moja. Alimbembeleza Mwalimu: "Mama, rudi tu. Utamwona mtoto kwa video kila siku, atakujua sura." Mwalimu alimjibu kwamba anaweza kupiga kwa njia ya kawaida. Alipiga mara moja moja. Mtoto mdogo hajui kuongea na sauti isiyo na uso. Alisema "shikamoo bibi", kisha ukasikia anakimbia.

Basi mkwewe akaanza kunitumia mimi. Kila Jumapili baada ya Misa, Mwalimu alivuka uzio, akanawa mikono kwenye ndoo yangu, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Nilimshikia simu. Hakuigusa mwenyewe.

"Sijarudi," alikuwa akisema kila mara. "Nimechungulia tu dirishani kwa jirani."

Alimtazama Koku kama anavyosoma insha, kuanzia juu hadi chini. "Viatu vinambana huyu. Mwambie mama yake." Au: "Pua ya baba yake hii." Nilizikuza, nikazirudisha nyuma, nikampa muda. Wateja walikuja wakasubiri. Nadhani zile zilikuwa saa nzuri za maisha yake wakati ule, na alizipata kwenye simu ya mtu, ndani ya nyumba ileile aliyoikimbia. Sikumwambia hivyo. Yeye mwenyewe alijua. Alikuwa mwepesi kuliko mimi kuona makosa.

Halafu kukatokea ajali nyingine ziwani, mbali kidogo, upande mwingine kabisa. Jumapili hiyo Mwalimu alikuwa kwangu, Koku yuko kwenye kioo na puto la njano, ujumbe ukaingia juu ya picha. Mtu fulani alikuwa ametuma video ya "ajali ya leo". Haikuwa ya leo. Ile picha ndogo inayotangulia ilitosha: rangi ya chungwa, ndege weusi.

Niligeuza simu kifudifudi. Nilichelewa.

Mwalimu aliinuka. Alikitengeneza kigoda mahali pake, akajifunga kanga, akasema, "Asante kwa leo, Mama Shamimu," akavuka uzio. Wiki iliyofuata hakuja. Nilimfuata mimi. Aliniomba kama naweza kumsafishia picha za Koku pale studio mjini, za karatasi, atanirudishia gharama. Nikafanya hivyo. Lakini haikuwa tena ile Jumapili yetu.

Haukupita muda akapangisha nyumba ya Kahororo, akahamia Buganguzi kwenye kibanja, kwenye nyumba ya wazazi wa mumewe. Siku ya kuhama tulipakia vitu kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo: kitanda, vitabu, kabati. Watu waliokuja kumuaga walikuwa wachache, kwa kuwa aliyetakiwa kutoa tangazo alisahau. Mwenyekiti alipopata habari alisikitika kwa dhati. Aliandika kwenye grupu maneno mazuri juu ya Mwalimu, na watu wakaweka mioyo mingi chini yake.

Ilinichukua muda kwenda kumtembelea. Nilikuwa nikimpigia kwenye kitochi, lakini mtandao kule unasuasua, na yeye alikuwa akipiga kelele kwenye simu kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde, tukaishia kuulizana hali. Mwisho nikapanda basi la Muleba, nikashuka, nikachukua pikipiki. Kulikuwa kumenyesha. Barabara ilikuwa nyekundu, migomba imeinama pande zote mbili, na kwenye nyua watu walikuwa wameanika kahawa na kuifunika kwa maturubai kila wingu likipita.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka jikoni, anamenya ndizi. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alinisalimia kwa Kihaya kwanza, "Waitu," kisha akahamia Kiswahili, na nikaona kimepungua kasi kidogo, kama mlango usiofunguliwa mara nyingi.

"Unakaa na nani?" nikamuuliza.

"Kuna jirani huniletea maji. Na watu huja. Hapa huwezi kumjulia mtu hali mpaka uje." Akamenya. "Ila huja mara chache, Mama Shamimu. Nisikudanganye."

Nilimpa picha mpya za Koku. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Alizitazama zote bila haraka, juu hadi chini, akazifunga kwenye pindo la kanga. Alisema mkwewe ameahidi kumleta likizo. Hakusema likizo gani.

Akanipa kisu, nikaketi mkabala naye. Kupitia mlango wa jikoni niliona kaburi la Proje kati ya migomba, limefagiliwa, na pembeni ndoo na jembe. Tuliongea habari za mtaa. Alitaka kujua nani amezaa, nani amejenga, kama yule bibi bado anatuma sauti ndefu. Nilimweleza kila kitu. Alicheka pale pa kucheka. Kisha akasema, akitazama ndizi mkononi mwake:

"Bado inatembea?"

Nilijua anauliza nini. Nilitamani kusema hapana. Lakini mtu yule huwezi kumdanganya, atasikia tu kwamba sentensi haikukaa sawa.

"Inatembea," nikasema. "Mwezi uliopita ilinifikia tena. Sasa wameandika kwamba ni bahari ya mbali huko. Wanasema ni watu waliokuwa wanakimbia nchi yao, chombo kikazama. Maandishi hata si ya Kiswahili, mwanangu ndiye aliyenisomea."

Kisu kilisimama.

"Hawakuandika Goziba?"

"Hapana."

"Wala jina lake?"

"Hakuna jina lolote, Mwalimu."

Nje, jirani alikuwa akikimbilia kahawa yake, wingu lilikuwa limerudi. Nilidhani atasema afadhali. Mimi, njia nzima kwenye basi, nilikuwa nimejiambia kwamba ni afadhali, kwamba hatimaye wamemwacha mtoto wa watu.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "yuko mama huko kwao, anayemtafuta wake. Anaitazama ile video. Anamtazama Proje wangu, anajiuliza kama ndiye."

Nilisukuma maganda pembeni.

"Na mimi ninayejua kwamba siye, sina pa kwenda kumwambia."

Mvua ikaanza kupiga bati. Akachukua ndizi nyingine, nami nikachukua nyingine. Tulimenya mpaka sufuria ikafurika, na tulikuwa wawili tu.